KUSAHIHISHA MAANDISHI SI KUSAHIHISHA HERUFI TU
(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama, Shinyanga)



Katibu alipotuandikia alituomba tuzungumze juu ya namna ya kusahihisha maandishi, na bila shaka wengi wenu mmekuja mkitarajia kusikia habari za nukta na mkato, za herufi kubwa, na za mahali panapofaa kuwekwa tarehe katika barua. Mambo hayo yana faida, wala hatuyadharau. Walakini tumekusudia kusema juu ya jambo lililo nyuma ya nukta na mkato, ambalo wenye elimu ya uhakiki, yaani elimu ya kupima maandishi, wamelifikiri kwa miaka mingi katika vyuo vikuu, nalo halijafika vizuri katika meza zetu. Ni hili: taarifa yaweza kuwa safi kwa sarufi, ikapigwa chapa vizuri, isiwe na kosa hata moja la herufi, na bado ikawa imemnyang'anya mtu shamba lake.

Yafaa tuanze na kosa letu wenyewe, maana si adabu kuanza na makosa ya wengine. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa katika ofisi moja ambayo hatutaitaja, tukapewa kazi ya kuandika kumbukumbu za mkutano wa kijiji katika nchi ya dhahabu. Habari ilikuwa ya watu kuhama ili kupisha uchimbaji, na ya fidia yao. Mkutano ulikuwa mrefu na jua lilikuwa kali. Tuliporudi ofisini tukaandika, "Wananchi walikubali kuhama." Mkubwa wetu akaisoma, akaongeza maneno "kwa hiari", akasema kuwa sasa sentensi imekaa vizuri. Na kweli ilikuwa imekaa vizuri. Mwalimu yeyote wa lugha angaliipa alama zote.

Siku ya pili tulirudi kijijini kutaka sahihi za wajumbe. Mzee mmoja ambaye macho yake yalikuwa yamepungua nguvu akaomba asomewe kwanza. Tulipofika penye maneno yale akainua mkono akatuzuia, akauliza, "Mwanangu, nani alikubali?" Tukajibu, "Ninyi, baba. Hapakuwa na mtu aliyekataa." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sisi tulinyamaza. Je, huko kwenu ofisini kunyamaza na kukubali ni neno moja?"

Tuliona haya, Mabwana. Tukafuta, tukaandika tena: "Wanakijiji walisikiliza. Wajumbe wawili waliuliza kiasi cha fidia na siku ya kulipwa, wala hawakujibiwa. Baada ya hapo hapana aliyesema neno." Taarifa ikawa ndefu zaidi, na mkubwa wetu hakuipenda. Lakini ilipopelekwa mbele, swali la siku ya kulipwa lilijibiwa kwa barua, kwa kuwa sasa lilikuwa limeandikwa, na jambo lililoandikwa ndani ya faili lataka jibu.

Baadaye, katika kusoma kwetu, tulikuta kwamba swali la mzee yule ndilo lililoandikiwa insha mashuhuri mwaka 1988 na mama mmoja aliyezaliwa Calcutta katika Uhindi, jina lake Gayatri Spivak. Aliuliza kama mnyonge aweza kusema. Watu wengine husikia swali hilo wakacheka, wakidhani kwamba anawaambia wanyonge hawana vinywa. Maana yake si hiyo. Vinywa wanavyo, na maneno wanayasema. Lakini wale wanaowaandikia huyapanga maneno hayo hata yakawa si yao tena, na msomaji aliye mbali husikia sauti ya mwandishi tu. Jina alilolitumia kwa wanyonge hao alilipata kwa Antonio Gramsci, Mwitalia aliyetiwa gerezani na serikali ya Mussolini, akaanza kuandika madaftari yake humo mwaka 1929. Mzee wetu hakuwa amemsoma Gramsci wala Spivak. Nasi twadhani kuwa nadharia nyingi za vitabuni ni hivyo: ni swali ambalo mtu wa kawaida angaliuliza kama angalisomewa kilichoandikwa juu yake.

Yuko na mwingine, Edward Said, Mpalestina aliyefundisha New York, ambaye mwaka 1978 alitoa kitabu kikubwa juu ya namna Wazungu walivyoziandika nchi za Mashariki. Kwa ufupi alionyesha kwamba msafiri alimnakili msafiri aliyemtangulia, na ofisa akamnakili mwanachuoni, mpaka vitabu vikapatana vyenyewe kwa vyenyewe kuliko vilivyopatana na nchi yenyewe. Kitabu kilikuwa shahidi wa kitabu. Sisi makarani twaijua hali hiyo sana, ila kwetu ni faili kuwa shahidi wa faili. Ukiagizwa taarifa ya mwaka, jambo la kwanza unalofanya ni kufungua ya mwaka jana. Zamani kunakili kulikuwa na taabu, maana kila neno lilitaka kugongwa upya kwa mashine. Siku hizi ukurasa mzima wahama kwa kidole kimoja, na uongo wa mwaka juzi wahama pamoja nao ukiwa na afya njema.

Tutazame mfano wa hapa hapa tulipo. Katika miaka ya 1980 mkoa huu wa Shinyanga uliitwa jangwa la Tanzania. Tangu wakati wa Waingereza maandishi yalikuwa yakikariri ya kwamba Wasukuma wana ng'ombe wengi mno kuliko ardhi yao, na mpango wa kuendeleza Usukuma ulioanza mwaka 1947 uliyachukua maneno hayo kuwa msingi, ukataka ng'ombe wapunguzwe. Tena soma taarifa za namna hiyo utakuta sentensi hizi, au ndugu zake: "Miti imetoweka. Ardhi imechakaa. Malisho yameharibika."

Hapo twaomba mtuvumilie kidogo tuseme juu ya sarufi, kwa kuwa hapa ndipo sarufi na haki zinapokutana. Lugha yetu ina kauli ya kutendwa: "miti ilikatwa". Kauli hiyo yaweza kumficha mtendaji, lakini humwachia mlango, waweza kuuliza, "Ilikatwa na nani?" na sentensi yenyewe ina nafasi ya kukujibu. Lakini tunayo na kauli nyingine, ya "kuharibika" na "kuvunjika" na "kupotea", ambayo haina mlango wala dirisha. Mtoto asema, "Mama, kikombe kimevunjika," na kikombe chaonekana kama kilichoamua chenyewe. Mtunza fedha asema, "Fedha zimepotea," kana kwamba zilitoka usiku zikashika njia ya Tabora. Kiswahili chake ni safi kabisa. Msahihishaji wa herufi hana la kusema. Msahihishaji wa namna tunayoisema leo ataweka alama pembeni, na kuuliza: nani?

Basi, miti ya Shinyanga: nani? Jibu lina watu wengi ndani yake. Zamani za Waingereza mapori yalifyekwa kwa amri ili kumfukuza mbung'o, na hapa Shinyanga ndipo palipokuwa makao ya idara ya uchunguzi wa mbung'o, iliyoongozwa na C. F. M. Swynnerton mpaka alipokufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Hatusemi kazi ile ilikuwa mbaya, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa ukiua watu na ng'ombe; twasema tu kwamba shoka lilikuwa na mwenyewe. Halafu pakaja mashamba ya pamba yaliyotaka nafasi, na kuni, na makaa. Kisha mnamo mwaka 1974 watu walihamishiwa katika vijiji vipya, wakaziacha ngitili zao. Na ng'ombe pia wamo katika jibu, hatutaki kuwatetea kupita kiasi kwa sababu tu ni wa kwetu. Lakini angalieni: katika maandishi, kosa lilipokuwa la ng'ombe wa Msukuma, mtendaji alitajwa kwa jina lake na kabila lake. Kosa lilipokuwa la amri, miti "ilitoweka".

Kwa wanachama waliotoka mikoa mingine, ngitili ni sehemu ya malisho ambayo mwenyeji huifunga wakati wa mvua ili majani yakue, akaifungua wakati wa kiangazi ng'ombe wanapokosa kitu. Ni desturi ya Wasukuma, na neno ni la Kisukuma. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, na badala ya kuleta desturi ya kigeni ukaitegemea hiyo ya ngitili. Wakati huo ngitili zilizojulikana zilikuwa kiasi cha hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 350,000, za watu binafsi na za vijiji. Mpango ulikwisha mwaka 2004, ngitili hazikwisha.

Sasa mwandishi mwema, mwenye kupenda nchi yake, aandika: "HASHI ilirudisha misitu ya Shinyanga." Hiyo nayo tutaiwekea alama pembeni. HASHI ilisaidia, ilifundisha, ilileta miche na mabwana misitu, wala hatuinyimi haki yake. Lakini nani alifunga ngitili? Nani alikaa mvua nzima akimzuia ng'ombe wake mwenyewe asiingie penye majani mabichi ayaonayo kwa macho? Huyo amekwenda wapi katika sentensi? Msukuma aliyekuwa mtendaji wa lawama, siku ya sifa akawa hayupo.

Tuvuke sasa mpaka wa mkoa twende upande wa Geita, kwa sababu huko shida si vitendo tu, ni majina.

Twasoma mara nyingi ya kuwa habari za madini ya Geita zaanza na Wajerumani. Dhahabu iliandikwa na Wajerumani, na mgodi mkubwa wa zamani ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hata 1966, na mgodi mpya ukafunguliwa mwaka 2000. Hayo ni kweli. Lakini katika nchi hiyo hiyo waliishi Warongo, waliokuwa wakichimba mawe ya chuma na kuyayeyusha katika tanuri zao, wakafua majembe, kabla Mjerumani hajafika. Mwenye kuandika "madini yalianza" ameandika bila kukusudia kwamba chuma si madini, au kwamba Mrongo si mtu wa kuanza nacho. Kusahihisha ni rahisi: "uchimbaji wa dhahabu kwa mitambo". Maneno machache yaliyoongezwa yamerudisha watu katika historia.

Kubwa zaidi ni neno "mchimbaji haramu". Twalisikia kila siku, na makarani twaliandika bila kufikiri. Haramu ni neno zito lililotoka katika dini. Ni neno la nyama ya nguruwe na mali ya wizi. Lakini sheria haisemi juu ya uharamu wa mtu, yasema juu ya leseni. Mtu asiye na leseni Jumatatu aweza kuipata Jumanne. Je, amekuwa halali usiku ule, damu yake ikabadilika? Sheria ya Madini ya mwaka 2010 yenyewe iliwawekea raia wa Tanzania leseni ndogo za uchimbaji, maana yake ilimtambua mchimbaji huyo. Tukiandika "mchimbaji asiye na leseni", tumesema kweli yote iliyo ndani ya sheria, wala hatukumhukumu kabla ya hakimu. Hatusemi kwamba kuingia katika eneo la mtu mwingine ni vyema. Twasema kazi ya karani ni kuandika jambo lililofanyika, na hukumu ina mwenyewe.

Tena kuna mawe. Mgodi mkubwa ukichimba hutupa mawe yasiyowafaa, na wananchi wa Geita huyaita magwangala. Ndani yake hubaki dhahabu kidogo, na watu wengi wameyaponda na kuyaosha wakapata ada ya shule ya watoto. Katika karatasi za ofisi tumeona mawe hayo yakiitwa "taka". Lakini mwenye kuandika neno hilo amekwisha kuamua shauri bila kujua. Kama ni taka, kwa nini yanalindwa? Na kama ni mali, kwa nini yaitwe taka? Mwandishi mwangalifu ataandika "mawe yaliyotolewa mgodini, ambayo wenyeji huyaita magwangala", na shauri litabaki wazi kwa wenye kulisikiliza. Ndivyo na maneno mengine ya kazi hiyo: duara, mwalo, karasha, marudio. Wako wasahihishaji wanaoyafuta wakisema si Kiswahili sanifu, wakaweka maneno ya kamusi ambayo hapana mchimbaji aliyepata kuyasikia. Mchimbaji akiisoma taarifa hiyo hajui kama ni yeye anayesemwa.

Juu ya lugha mengi yamesemwa na wakubwa kuliko sisi. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, alitoa mwaka 1986 kitabu chake juu ya kuziondoa akili zetu katika ukoloni. Na kabla ya hapo, mwaka 1968 katika chuo kikuu cha Nairobi, yeye na Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza iondolewe, na maandishi ya Afrika yawekwe katikati. Tunautaja kwa kuwa ulikuwa waraka wa ofisi, kama hizi zetu. Haukuwa shairi wala riwaya, nao ukabadili masomo.

Lakini mfano unaotugusa zaidi uko kisiwani Ukerewe, ng'ambo ya maji. Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kitabu kikubwa kilichobeba ndoa, kilimo, dawa na adabu za Wakerewe. Hakikupata mchapaji kwa lugha hiyo. Mwandishi akakaa akakigeuza mwenyewe kuwa Kiswahili, na kikatoka mwaka 1980, miaka 35 baada ya kumalizwa. Mwaka 1981 akafariki. Tujiulize: mkononi mwa msahihishaji aliyezoea riwaya za Kizungu, kitabu hicho kingalitendwaje? Angalisema hadithi inakwenda polepole. Angalikata kurasa za kulima na kurasa za kusalimiana, naye angaliona anamfanyia mwandishi hisani. Kumbe kwa Kitereza salamu zile na kilimo kile ndiyo hadithi. Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe vilevile, aliyefariki mwaka 2020, aliandika mwaka 1985 kazi yake ya udaktari huko Wisconsin, Marekani, juu ya falsafa ya Kiafrika na taabu ya kufasiri maandishi. Nadharia hizi basi si bidhaa ya ng'ambo tupu. Watu wa ziwa hili wamo ndani yake.

Na kwa kweli uhakiki wenyewe si mgeni Usukumani. Nani asiyewajua Bagika na Bagalu? Makundi mawili ya ngoma hushindana uwanja mmoja, kila moja likiimba na kulisema jingine, na hakimu ni watu: kundi linaloachwa na watazamaji limeshindwa, hata likiwa na ngoma nzuri namna gani. Wako wanaosema ushindi huletwa na dawa. Nasi tumewahi kuona taarifa zilizopita kwa namna ambayo hatukuweza kuieleza kwa njia nyingine. Lakini shabaha yetu ni kwamba mwimbaji wa Kisukuma huimba mbele ya yule anayemsema, naye aliyesemwa ana zamu ya kujibu. Sisi twaandika juu ya watu chumbani, mlango umefungwa, na wao hawana zamu.

Tuseme na hatari yake, tusije tukaonekana wauza dawa. Mtu akishaonja elimu hii huanza kuona ukoloni katika kitabu cha stakabadhi. Tumemwona kijana aliyerudisha barua ya kuomba madawati, akiwa ameandika pembeni maneno matano ya nadharia, na hakuona kwamba idadi ya madawati ilikuwa imesahauliwa. Huyo ni afadhali angalibaki na mkato. Tena msahihishaji aweza kumtetea mnyonge hata akamwekea kinywani hasira ambayo mwenyewe hakuwa nayo, na huko nako ni kumnyamazisha. Mzee wa kijiji kile hakuomba tuandike kwamba walikataa. Alitaka tuandike kwamba walinyamaza.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, tumeomba ruhusa ya jambo moja kabla ya maswali. Mwanachama mmoja ametupa taarifa aliyoiandika mwenyewe mwezi uliopita, akakubali isomwe hapa, majina ya watu na ya mahali yakiwa yameondolewa. Sentensi yake ya kwanza yasema hivi: "Mifugo ilikamatwa na hatua zilichukuliwa." Hatujui ni mifugo mingapi, wala ya nani, wala nani aliikamata, wala ni hatua gani. Mwenyewe yupo, ameketi safu ya pili, naye amesema yu tayari kuulizwa. Katibu ataisoma polepole tangu mwanzo, na kila mtu anyoshe mkono mahali atakapotaka kuuliza "nani?". Penseli ziko mezani.